Kuhesabu Bata, Kisiwa cha May

Juni, nami nimevaa sweta mbili.
Wenyewe wanaita hiki kiangazi.
Boti imetutema gatini, na kabla sijakiamkia kisiwa
buabua ameniteremkia utosini,
ko! kama mwalimu wa hesabu.

Effie Gourlay, mtunza ndege, anacheka.
Ananipa kijiti: "Kiinue.
Wao hudonoa kilicho juu kabisa."
Basi natembea mkono juu
kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema,
na hewani matusi, matusi matupu,
hayahitaji mkalimani.

Mayai yao yamelala palepale njiani,
rangi ya kokoto, madoa ya kokoto.
Unatazama jiwe, jiwe linakutazama.

Pafini wanarudi midomo imejaa dagaa,
wanatua kwa tumbo, wanajikung'uta,
halafu shimoni, upesi,
kama mdeni aliyemwona anayemdai.
Huko mwambani sili anajikuna ubavu,
ana siku nzima ya kujikuna.

Mimi nilikwama kwa bata.

Kalala hatua moja kutoka njia ya wageni,
rangi ya nyasi zilizokauka,
chini yake manyoya aliyojinyonyoa kifuani.
"Siku ishirini na tano," Effie ananong'ona.
"Hali kitu. Maji tu, na hayo kwa nadra."
Na dume?
"Keshaondoka. Yuko baharini na wenzake."
Nikasema, ahaa.

Nikachuchumaa.
Nilipomzaa Mwanakombo
mama mkwe alinifungia mlango siku arobaini:
uji wa pilipili manga alfajiri,
supu ya kuku, maji ya moto ya kunikanda,
nami nikalia nataka kutoka, nataka upepo.
Wewe upepo unao.
Nani anakukanda? Nani anakukorogea uji?
Jicho jeusi halikupepesa.
Manyunyu yalikaa mgongoni mwake
tone moja moja, shanga zisizotungwa.

Kwenye daftari nikaandika: bata, analalia, mmoja.
Hapakuwa na nafasi ya kuandika zaidi.

Saa tisa alasiri bata mwingine
akawateremsha wanawe kwenda majini.
Watano, wakijikwaa kwenye mwani,
mama akitangulia, akigeuka, akitangulia.
Shakwe akaja bila haraka,
kama mtu anayechukua chake.
Wanne.
Mama akageuka tena.
Sijui kama bata huhesabu.

Nikainama, nikaokota jiwe.
Effie akanishika kiwiko.
"Hatuingilii," akasema,
na sauti yake haikuwa ya mtu aliyezoea.

Nikalirudisha chini polepole,
lakini kwanza nililigeuza kiganjani, nikalitazama vizuri,
lisije likawa yai.