Ukungu wa Aina Mbili

Huku Pontevedra ukungu ni wa aina mbili.
Wa kwanza hupanda kutoka mtoni alfajiri,
ukafuta daraja, ukafuta mnara wa kanisa,
na ifikapo saa nne umekwenda zake.
Wa pili hauagi.

Hermitas aliuona Jumanne, aliposogeza kabati
akitafuta hereni iliyomponyoka.
Ukuta nyuma yake umeota madoa meusi, yenye manyoya,
toka sakafuni hadi usawa wa kiuno.
Ndani, koti la Amaro limeota mvi kwenye ukosi,
na Amaro alizikwa na nywele nyeusi.

Binti yake akafoka kwenye simu:
"Mama, dirisha hilo hujalifungua tangu lini?"
Akanyamaza.
Tangu mazishi.
Alikuwa amefungia harufu: tumbaku, sabuni ya kunyolea,
na pumzi yake mwenyewe, usiku baada ya usiku,
ikawa maji kiooni, maji yakawa bustani.

Siki. Brashi. Kitambaa puani.
Mimi niliye ghorofa ya chini
nilimsikia akisugua hadi taa za mtaani zikawaka.
Nguo mbichi akazihamishia roshani ya vioo.
Kabati akaliacha shubiri moja mbali na ukuta,
ukuta nao upumue.

Sasa kila asubuhi, dakika kumi,
hata mvua inyeshe, dirisha wazi.
Baridi huingia bila hodi.
Harufu ya Amaro ilitoka siku ya tatu,
au ya nne, hakuiona ikipita.
Koti limekauka. Kifungo kimoja kinaning'inia.
Hajaamua kama atakishona.