Fundi Bomba wa Erzurum

Nilipozinduka kutoka nusukaputi, neno la kwanza
halikuwa jina la mke wangu. Nilisema: nimebanwa.
Nipelekeni chooni kabla sijajiaibisha.

"Mzee Rüstem," akasema nesi Sevgül, "mkojo unateremka wenyewe."
Akaugonga mfuko ulioning'inia ubavuni mwa kitanda:
chai ya rangi, hadi alama ya mia tatu.
"Kiputo cha maji kimekaa mlangoni pa kibofu, kuushika mpira.
Kibofu kinadhani ni mzigo wa kutoa. Kinadanganyika.
Usikisaidie kusukuma."

Usikisaidie! Miaka arobaini na mmoja
nimezibua mabomba ya mji huu,
Januari, theluji hadi kwenye vitasa,
nikijua jambo moja: kilichoziba husukumwa.
Sasa nilale kama gogo, nilegeze taya,
nivute pumzi kwa pua, niitoe polepole
kama anayepoza supu ya mtu mwingine.

Mkazo unakuja. Unakwea, unabana kinena, unachoma
hadi ncha ya kile ambacho sikitaji mbele ya binti huyu.
Halafu unashuka.
Kisha tena.
Amenipa dawa ya kukilegeza kibofu; mdomo umekauka
kama sufi, lakini nafuu inarefuka kati ya mkazo na mkazo.

Saa tisa usiku ulikuja mmoja uliokataa kushuka.
Niliuma shuka. Nikabonyeza kengele.
Sevgül hakuuliza kitu. Alifunua blanketi,
akaufuata mpira kwa kidole, toka mfukoni kwenda juu,
na chini ya paja langu akaukuta umekunjika:
nimeulalia mwenyewe.

Ya Rabi. Wateja wangapi nimewakaripia,
"Kabla hujaniita, tazama kama bomba limepinda!"
Mganga hajigangi.

Akaunyoosha. Akaubandika pajani kwa plasta,
akaacha ulegevu wa vidole viwili
usije ukavutwa nikigeuka. Kazi safi, ningemwajiri.
Ikaja sauti ninayoijua kuliko zote:
maji yaliyopata njia.

"Kesho kutwa tunautoa," alisema.
"Utachomwa siku moja, mbili. Unywe maji."
Nikamuuliza kama anajua kuunga shaba.
Akacheka, akapunguza taa, akaniacha
na kibofu changu, mjinga mwaminifu,
kikiendelea kubisha mlango ulio wazi.