Wino Mwekundu

Gunsan, mwezi wa pili. Theluji imelowa
kama pamba ya godoro lililoanikwa mvuani.
Viatu nilivua mlangoni, hilo nalijua tangu kwetu,
lakini sakafu! Sakafu ilikuwa na homa.
Maji ya moto hupita chini yake usiku kucha,
nami nikalala chali
kama mkate wa mofa unaongoja kugeuzwa.

Hakuniuliza jina. Aliniuliza umri.
Thelathini na mitatu, nikasema.
Bibi akahesabu vidoleni,
akaniongezea mwaka wa tumboni
na mwingine kwa kuwa Januari imeshapita.
"Mitano," akahukumu,
nikazeeka kabla ya chai.

"Lazima ajue akuvishe kitenzi kipi,"
alinieleza Gaon, mjukuu wake.
Kwetu shikamoo hutolewa mara moja,
marahaba ikaipokea, mkaingia kwenye habari za mvua.
Kwao shikamoo haimaliziki.
Imeshonewa mkiani mwa kila kitenzi,
hata "pita", hata "shika",
hata "chumvi imekwisha".

Nilijifunza kwa kukosea.
Nilijimiminia bia, akaninyang'anya chupa:
kinyozi hajinyoi, na mnywaji hajimiminii.
Nilitafuta kisu, akaja na mkasi,
mkubwa, wa fundi cherehani,
akakata nyama palepale juu ya makaa
kama anayepunguza pindo la suruali.
Kwenye mkahawa wa jirani niliacha noti chini ya bakuli,
asante ya supu;
mwenye mkahawa akanifukuza hadi kituo cha basi,
bila koti, pumzi ikimtoka kama birika,
anirudishie nilichosahau.

Jina la bibi ni Malja.
Gaon alinitafsiria kwa kunong'ona: wa mwisho.
Alizaliwa wa tano, mabinti watupu,
baba yake akaifunga orodha kwa jina,
kama mtu anayekomea mlango.
Baada yake walikuja mabinti wawili.
"Walikuwa hawajui kusoma bado,"
alisema Malja, akacheka mpaka akakohoa,
akafuta macho kwa kona ya aproni.

Siku ya kuondoka nilimwandikia kadi.
Kalamu iliyokuwa karibu ilikuwa nyekundu.
Nikalichora jina lake kwa herufi za kwao,
vijumba viwili, polepole,
ulimi nje kama mtoto wa chekechea,
nikampa kwa mikono miwili, maana hilo nilishafunzwa.

Uso wake ukazimika.
Akailaza kadi kifudifudi mezani.
Gaon alitazama soksi zake.
"Jina la aliye hai," akasema,
"haliandikwi kwa wino mwekundu.
Hiyo ni rangi ya waliokwenda."

Baba yake alimwita mwisho mara moja.
Mimi nilikuwa wa pili.

Samahani niliyoijua ilikuwa moja tu,
ya kumkanyaga mtu kwenye treni.
Nikaitoa hiyo.
Malja akaingia jikoni. Nikasikia friji ikifunguliwa,
si ile ya maziwa, ile ya kimchi peke yake,
inayopumua vitunguu saumu nyumba nzima.
Akarudi na kopo limefungwa kwa mifuko mitatu
na kalamu ya buluu.

Akaketi. Akaigeuza kadi.
Akapita juu ya kila mstari niliouchora,
akiurekebisha mkono wangu ulipoteleza,
bila haraka, miwani puani.
Wekundu haukufutika. Uligeuka zambarau,
rangi ya biringani, rangi ya goti lililojigonga likapona.

Kisha akaniuliza anachoniuliza kila asubuhi,
lakini safari hii kwa kitenzi kifupi, kisicho na mkia,
kile anachomwitia Gaon akitoka shule:
"Umekula?"

Nilikuwa nimekula mara mbili.
Nikasema, bado.