Foleni ya Marungu

Saa kumi na mbili kasoro, nyuma ya ofisi ya kata,
marungu hugawiwa kama uji wa msibani:
kila mtu moja, hakuna kuchagua.
Sare niliyovaa ilikuwa na jina la mwingine kifuani.
Limefumuliwa, ila matundu ya uzi yanasomeka bado
ukiyakaribia. Nami sikuyakaribia.

Jana tuliambiwa: kuanzia Mnara wa Saa hadi stendi
pasionekane hata karai. Kuna mgeni.
Mgeni gani, hatukuuliza.
Tuliteremka tukicheka, Msofe akisimulia mechi,
na mlima ulikuwa wazi, mweupe, hauna neno.

Aikande alikuwa na mikungu miwili ya mshare,
mafungu ya mnafu, na mizani ya chuma yenye kutu,
ya marehemu mama yake. Hilo nilijua.
Nilijua, maana nimekulia mlango wa tatu kutoka kwao, Kiboriloni,
na mama yule alinipimia maparachichi kwa mizani ileile
akizidisha moja, "la njiani."

Akaniangalia. Akasema taratibu, kama anayerudisha chenji:
"Wewe si Ndewirwa?"
Nikasema, "Hapana."

Ndipo nikapiga. Si yeye. Mizani.
(Naandika "si yeye" na kalamu inaona haya.)

Kati ya amri na rungu palikuwa na nafasi,
nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.
Afande hakuwemo mle. Mgeni hakuwemo.
Mshahara, ambao ni mwezi wa pili haujatoka, haukuwemo.
Nilikuwemo peke yangu,
na mlitosha kabisa kugeuka.

Wahenga walisema mjumbe hauawi.
Sawa.
Lakini hawakuniachia neno juu ya hili dogo:
mjumbe, je, haui?

Kuna jiwe lilitoka upande wa mitumba
likampasua Msofe sikio.
Kijana aliyelirusha hakukimbia. Alisimama viganja wazi,
anatetemeka, kama aliyeshtuka kujua ana mikono.
Siwezi kusema jiwe lile lilikuwa haki:
nimeliona sikio, nimeikamua damu kwenye leso yangu.
Siwezi kusema halikuwa:
nani alimfunza kwamba hapa watu huzungumza kwa vitu vizito?
Tulimpiga, sita kwa mmoja. Mimi wa sita.
Nilihesabu makusudi niwe wa mwisho,
nikidhani wa mwisho hupiga kidogo.

Usiku mke wangu alipika mtori,
ndizi zile tulizogawana.
Mtoto akaramba kijiko, akasema tamu.
Mimi ulinikwama, si kooni, chini zaidi,
pale linapokaa jina
nililolikana mchana kweupe mbele ya mwenye kulijua.

Mke wangu anasema: usipoifanya wewe, ataifanya mwingine.
Kweli. Na huyo mwingine kaambiwa hivyohivyo kwake,
kwa hiyo tumesimama hapa wote, kila mtu ndiye yule mwingine,
na rungu halikosi mkono.

Leo tena. Umande bado uko kwenye mabati.
Mlima umejifunika; hauna la kujibu,
haujawahi kukubali wala kukataa kitu tangu uwepo.
Ni jiwe.
Mimi si jiwe, na hiyo ndiyo shida yangu.

Mgawaji amelinyoosha la kwangu.
Mkono uko mfukoni, umekamata jiwe la mizani, la nusu kilo,
niliokota jana pale lami, sijui kwa nini,
wala sijui kama nitalirudisha
au nitakuwa nalo tu, nikizidi uzito.

Nyuma yangu mtu anakohoa.
Msoma majina amefika kwenye herufi yangu.
"Ndewirwa!"

Nasikia vizuri.
Sijaitika.