Pengo Katika Mstari

Thembo aliupima mto Nyamwamba
kila saa moja asubuhi, kwa penseli,
kwenye daftari lililochanika jalada:
arobaini na mbili. Arobaini na moja.
Sitini, na pembeni: *mvua, huko juu mlimani.*

Leo, hapa Kilembe, natangaza kigeu
(si kigeugeu; mzee hakuongeza hata sentimita),
nakiita *kina*,
nakilisha tarakimu zake moja moja.
Muda nimeulaza chini, kina nimekisimamisha,
na mstari unaanza kutembea
kama mtu anayekwenda kwao.

Mwezi wa tano, kurasa mbili tupu.
Fimbo ya kupimia ilikwenda na maji,
na daraja, na mbuzi wanne,
na mkono ulioshika penseli.

Programu haikuuliza.
Ilivuta uzi ulionyooka
toka Jumanne ya arobaini na tano
hadi Jumatatu ya hamsini na moja,
kana kwamba mto ulipita ukisinzia.

Biira, bintiye, nyuma yangu na sahani ya mihogo:
“Hapo hapakuwa hivyo.”

Nikarudi kwenye msimbo.
Sikuweka sifuri; sifuri ni mto mkavu.
Niliandika kwamba namba haipo.
Nikaendesha tena.

Mstari ukafika ukingoni, ukakatika.
Weupe, upana wa kidole gumba.
Ng'ambo ukaendelea,
kwa tarakimu za mwandiko wa Biira,
nane zake zimeinama bado.

“Huo chapisha,” akasema,
akaweka sahani juu ya daftari.