Ndoo ya Rangi

Daktari wa mifugo pale Kariobangi
alitaka elfu mbili kwa kola ya plastiki.
Nikarudi nyumbani, nikakata kitako cha ndoo,
ile ya rangi nyeupe, lita nne,
iliyobaki tulipopaka chumba cha mtoto,
nikamvika Karanga shingoni.

Usilambe, nimemwambia. Siku nane tu.
Ulimi wako si dawa, nani alikudanganya?
Nyuzi sita za paja zilifumuka jana
ukijitibu gizani.

Ananitazama kutoka ndani ya ndoo
kama mtu aliyechungulia kisima
akakuta kisima kimemvaa.
Anagonga mlango, anagonga meza,
anagonga mguu wa kitanda kidogo
ambacho hatujakitoa bado.

Saa nane usiku. Umoja yote kimya,
hata kanisa la mabati limechoka.
Namsikia akijaribu: ulimi, plastiki,
ulimi, plastiki.
Na ng'ambo ya ukuta namsikia Nekesa
akifungua droo, akikunja zile soksi,
akikunjua, akikunja.

Sina ndoo ya kumvika.
Naenda, nakaa kando yake.
Ananipa soksi moja nikunje.
Karanga anatufuata,
ndoo inakwama mlangoni.