Zimekwisha

Shaame kaja tena, vidole vinanuka makonyo,
noti ya elfu tano kaikunja mara nne
kama hirizi.
"Shangazi, niwekee kwenye simu."
Simuulizi ya nini. Najua ya nini.
Ya sanduku.

Sanduku halina mbao, halina kufuli.
Linatikisika kwenye kioo, linameremeta,
linapasuka kwa kishindo cha fataki,
na ndani mna ngozi.
Si ya mbuzi, si ya kuwambia ngoma:
ngozi ya kumvisha askari asiyejua baridi,
na mara hii pia siyo ile aitakayo.
Ile ya dhahabu iko, wanasema. Iko.
Haijapata kumtokea mtu wa Jadida.

Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la wakala:
sanduku moja, pishi mbili mbichi,
juu mkarafuuni, tawi lenye majimoto.
Tangu mfunguo mosi, masanduku thelathini na moja.
Pishi sitini na mbili!
Wifi yangu Mize angelijua
angelia kilio cha msibani.

Ustadh Ngwali hataki maneno mengi:
"Unalipa, hujui utapata nini? Kamari hiyo.
Imevishwa kanzu ya mtoto tu."
Fakih, fundi simu, anacheka:
"Na anayenunua tikiti maji bila kulipasua?
Hakushikwa mtu mkono. Gemu lenyewe la bure,
walioliunda wale nini, mawe?"
"Tikiti likiwa bovu," akasema Ustadh,
"namrudishia Masoud. Masoud ana mlango."
Fakih akanyamaza kidogo,
kisha akasema: hata hivyo.

Mimi sikutia neno. Mwenye kamisheni hasemi.
Kila Shaame akitoa tano, tone langu hudondoka;
tone hilo nimelinunulia sukari,
nimeikoroga, nimekunywa.

Tena mimi nami nilicheza.
Sikukuu, gauni jipya linanikwaruza shingo,
Bi Tatu Mshindo na kibao chake cha vikaratasi
vilivyokunjwa vidogo kama sambusa za mwanasesere.
Shilingi moja, chomoa kimoja.
Nilitaka saa. Ya plastiki, akrabu za kuchorwa,
saa nne na dakika kumi milele.
Nikapata kitana. Nikapata pipi. Nikapata kitana.
Niliporudi mara ya nne,
shilingi ya mdogo wangu mkononi,
Bi Tatu alinitazama,
akakifunika kibao kwa kanga:
"Zimekwisha."
Na zilikuwapo! Niliziona pembeni,
nyeupe, zinanichungulia.
Nilimchukia mpaka Idi ya pili.

Sanduku la Shaame halina kanga.
Halimjui mama yake, lakini lazijua saa zake:
saa tano usiku linamwita kwa jina,
punguzo, leo tu, mwisho usiku wa manane,
na kesho yake, leo tu.

Naishika noti. Ina joto la mfuko.
Nasema, "Mtandao uko chini, baba."
Anatoa simu yake, anaitazama,
vijiti vinne, vyote vimesimama,
kisha ananitazama mimi.